Mfano wa Mfupa Mbele ya Kupasuliwa Nyonga

Siku moja mama mmoja alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe katika chumba cha wagonjwa wa mifupa. Mganga wa kupasua akaingia, akichukua kitu cheupe mkononi. Kilikuwa na umbo la nusu ya mifupa ya kiuno cha mtu, na kikombe cha nyonga kilionekana wazi. Mganga akasema, "Mama, hii ndiyo nyonga ya kijana wako." Yule mama akasimama kwa hofu, akapaza sauti: "Mmetoa mfupa wa mtoto wangu lini, nami sijatia mkono katika karatasi?"

Tulimkalisha, tukamweleza polepole. Hakuna mfupa uliotolewa. Kile kilikuwa mfano wa plastiki, uliochapwa na mashini kwa kufuata picha za mwili wa mwanawe. Hofu ya mama huyu haikuwa upumbavu. Jambo hili ni jipya kwetu, na mtu asiyeelezwa huogopa. Kwa sababu hiyo nimeandika kurasa hizi, ili mgonjwa na jamaa zake wajue mfano huu ni nini, unafaa kwa kazi gani, na ni mambo gani usiyoyaweza.

NYONGA NI KIUNGO CHA NAMNA GANI

Weka mkono wako juu ya kiuno, upande, kisha inua goti. Pahali panapokunja ndani kabisa, nyuma ya nyama nyingi, ndipo ilipo nyonga. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hiki kinakaa ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Kwa sababu kichwa ni mviringo na kikombe kina kina, mguu unaweza kwenda mbele, nyuma, kando, na kuzunguka. Tena kiungo hiki kinachukua uzito wa mwili wote kila unapopiga hatua.

Mambo mawili lazima yakumbukwe. La kwanza, kichwa cha mfupa hupata damu kwa mishipa midogo inayopita shingoni mwa mfupa. Mishipa hiyo ikikatika au ikibanwa muda mrefu, kichwa kinakufa kidogo kidogo, kinabomoka, na mtu anabaki na maumivu na kuchechemea. La pili, nyuma ya nyonga unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni. Ukiumia, unyayo hulegea, na mtu huburuta vidole anapotembea.

Nyonga huharibika kwa njia nyingi. Hapa Goma tunaona sana ajali za piki na za gari. Wengine wanapigwa na risasi. Wazee huanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja. Watu wenye ugonjwa wa damu uitwao SS, yaani selimundu, hupata kufa kwa kichwa cha mfupa wangali vijana. Kifua kikuu chaweza kuingia katika nyonga na kuila. Watoto wadogo hupata usaha ndani ya kiungo. Katika Malawi waganga walianza mwaka 2005 kuandika katika daftari moja kila mtu aliyebadilishiwa nyonga. Nao wakaona kwamba sababu ya kwanza ilikuwa kufa kwa kichwa cha mfupa, si uzee kama ilivyo Ulaya.

PICHA YA RADIO NA PICHA YA SKANA

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopita katika nyama na kuzuiliwa na mfupa. Ndiyo tunayoitumia katika picha ya radio mpaka leo. Picha hiyo ni msaada mkubwa, lakini ina upungufu mmoja: ni kama kivuli ukutani. Ukisimama mbele ya taa ukiwa na vidole vitatu nyuma ya kimoja, kivuli kitaonyesha kidole kimoja tu. Ndivyo ilivyo nyonga katika radio. Ukuta wa mbele wa kikombe, ukuta wa nyuma, na kichwa cha mfupa vyote huangukia pahali pamoja. Mganga mwenye ujuzi husoma kivuli hicho vema, lakini vipande vidogo vyaweza kumponyoka.

Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya skana huko London, kwa mashini iliyotengenezwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwenzake katika fikira hiyo alikuwa Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Skana hupiga miali kuzunguka mwili wote, kisha kompyuta inatoa picha za vipande vyembamba. Fikiri mkate uliokatwa. Ukitazama mkate kwa nje, hujui kama ndani mna jiwe. Ukiukata vipande vyembamba na kuvitazama kimoja kimoja, utaliona jiwe na pahali lilipo. Skana hufanya hivyo bila kisu. Kila kipande chaweza kuwa chembamba kama milimita 1, na nyonga moja hutoa mamia ya picha.

JINSI MFANO UNAVYOCHAPWA

Kazi hii ina hatua nne.

1. Picha zote za skana zinawekwa katika kompyuta. Fundi anaiagiza kompyuta iache nyama na kubakiza mfupa. Yawezekana kwa sababu mfupa ni mgumu, nao huonekana mweupe kuliko nyama.

2. Kompyuta inapanga vipande vyote tena, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayerudisha vipande vya mkate mahali pake. Sasa mfupa mzima unaonekana katika kioo, nao waweza kugeuzwa huku na huku. Hapo mganga lazima atazame pamoja na fundi, wasije wakafuta kipande cha mfupa wakidhani ni uchafu wa picha.

3. Mchoro huo unapelekwa katika mashini ya kuchapa. Mashini hii haichapi kwa wino juu ya karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka. Umewaona mafundi wetu wakijenga ukuta kwa mawe ya volkano: msitari wa kwanza chini, wa pili juu yake, mpaka ukuta umesimama. Ndivyo mashini inavyofanya, lakini kila tabaka ni jembamba kuliko milimita 1. Nusu ya mifupa ya kiuno yaweza kuchukua saa nyingi, hata usiku mzima na zaidi. Mmoja wa waliotangulia kubuni namna ya kuchapa vitu hivi alikuwa Chuck Hull wa Marekani, katika miaka ya 1980.

4. Mfano unapoa, unasafishwa, nao unapimwa tena kwa kulinganishwa na picha. Jina la mgonjwa na upande wa mwili, kuume au kushoto, viandikwe juu yake. Kosa la upande ni kosa la hatari.

Jambo moja zuri ni hili: picha zaweza kusafiri peke yake. Skana yaweza kufanywa mji mmoja, mfano ukachapwa mji mwingine, na mgonjwa akapasuliwa mji wa tatu.

MGANGA ANAUTUMIAJE

Seremala mwema hapasui mbao mbele ya kupima. Mshonaji hakati kitenge cha watu mbele ya kupata kipimo. Mganga naye anataka kujua njia mbele ya kushika kisu. Akiwa na mfano mkononi, anaweza kufanya haya:

Anahesabu vipande vya mfupa uliovunjika, anaona kipi kimegeuka, na kama kuna kipande kilichoingia ndani ya kiungo.

Anachagua upande wa kuingilia, mbele au nyuma. Kikombe cha nyonga hakifikiwi chote kwa kidonda kimoja, na kuchagua vibaya ni kumwumiza mgonjwa mara mbili.

Anakunja bamba la chuma juu ya mfano mpaka lilingane na mfupa, na kupima urefu wa misumari ya kukaza. Kama nyonga moja imevunjika sana, kompyuta yaweza kugeuza picha ya nyonga nzima, kama kioo kigeuzavyo sura, na kuchapa jinsi nyonga iliyovunjika ilivyokuwa mbele ya ajali.

Kama kichwa kimekufa na nyonga ya bandia inatakiwa, anapima ukubwa wa kikombe kinachofaa, na kuona kama mfupa uliobaki una nguvu ya kukishika. Nyonga ya bandia ya namna inayotumika leo ilianzishwa na Mwingereza John Charnley mwaka 1962.

Anawafundisha wasaidizi wake, ili kila mmoja ajue kazi yake. Naye mgonjwa anaonyeshwa jeraha lake kwa macho yake mwenyewe.

Waganga wa nchi mbalimbali waliojaribu njia hii kwa watu waliovunjika kikombe cha nyonga wameona kwamba mara nyingi muda wa kupasua unapungua, na damu inayomwagika inapungua pia. Kwetu hilo si jambo dogo. Kila mmoja wenu aliyewahi kutafuta ndugu wa kutoa damu usiku anajua maana yake.

Katika Uganda, huko Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, hospitali ya CoRSU ilijaribu katikati ya miaka ya 2010 kazi iliyo jirani na hii. Mashini ndogo ilipima kisiki cha mguu wa mtoto, kompyuta ikachora, na mashini ya kuchapa ikatengeneza kikopo cha plastiki cha kuvalia mguu wa bandia. Basi msidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Hata mji wetu una sifa katika kazi ya mifupa. Mganga Kasereka Lusi, fundi wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn walianzisha hospitali inayoitwa leo HEAL Africa. Lava ya Januari 2002 iliharibu sehemu kubwa ya majengo, nayo ikajengwa tena. Hospitali ya CBCA Ndosho imepokea majeruhi wengi wa vita, ikisaidiwa na waganga wa kupasua wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa. Mahali pengi bado mganga hupanga kazi kwa radio na kwa mikono yake yenye mazoea, naye huponya wengi. Mfano ni msaada juu ya ujuzi huo. Hauchukui nafasi yake.

HABARI YA KIJANA WA PIKI

Sasa nirudi kwa kijana wa yule mama. Alikuwa mwendesha piki. Aligongana na gari njiani kuelekea Sake, goti likapiga chuma, na nguvu ya pigo ikasukuma kichwa cha mfupa wa paja nje ya kikombe, nyuma. Mguu ukawa mfupi, umekunjika, na goti limegeukia ndani. Jamaa walimpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini. Huyo alimvuta na kumkanda kwa maji ya moto na majani, siku baada ya siku. Hakuwa na nia mbaya, lakini hakuona kilichokuwa ndani. Kijana alipofika kwetu zilikuwa zimepita siku 21, na unyayo wake ulikuwa umelegea.

Radio ilionyesha kwamba nyonga imetoka na kikombe kimevunjika, lakini vipande vilifunikana. Akapelekwa kupigwa skana. Picha zikatumwa kwa fundi wa mbali, na baada ya siku chache mfano ukafika ndani ya katoni, umefungwa kwa magazeti. Hapo mganga aliona wazi: ukuta wa nyuma wa kikombe ulikuwa vipande vitatu, na kimoja kilikuwa kimeingia ndani ya kiungo, kimegeuka. Kichwa kisingeweza kurudi pahali pake mpaka kipande hicho kitolewe. Jioni ile mganga alikunja bamba la chuma juu ya plastiki, akalijaribu mara nyingi, ndipo likatiwa katika chungu cha kuua vijidudu.

Kesho yake kijana alipasuliwa. Kipande kilikuwa pale pale mfano ulipoonyesha. Bamba lilikaa bila kukunjwa tena.

Leo kijana huyo anatembea. Lakini sitawaficha ukweli. Unyayo wake haujapata nguvu zote, naye hufunga kamba ya kuinua vidole katika kiatu. Tena mganga amemwambia arudi kupigwa radio kila mara, maana kichwa kilichokaa nje ya kikombe majuma matatu chaweza kufa baadaye. Mfano ulionyesha mfupa ulipovunjika. Haukuweza kurudisha siku 21. Nyonga iliyotoka lazima irudishwe upesi, ndani ya saa 6 ikiwezekana. Mama yake aliniambia, "Mwinjilisti, ningalijua, ningalimbeba mgongoni usiku ule." Nimeandika neno lake hapa ili mama mwingine asilazimike kulisema.

MAMBO AMBAYO MFANO HAUWEZI

Mfano unaonyesha mfupa tu. Hauonyeshi mishipa ya damu, wala mshipa wa fahamu, wala nyama.

Unaonyesha mfupa wa siku ile ya skana. Mgonjwa akikaa miezi mitatu mbele ya kurudi, mfupa umekwisha kubadilika, na mfano ni wa zamani.

Kwa mtoto mchanga haufai sana, maana kichwa cha mfupa wake bado ni gegedu laini, na skana haikioni vizuri.

Risasi au chuma kilichomo mwilini huharibu picha, na mfano waweza kuwa na kasoro.

Plastiki inayotumika sana hulegea kwa moto wa nyuzi 60 hivi, kwa hiyo haiwezi kutiwa katika chungu cha kuua vijidudu. Mfano wa namna hiyo hukaa mbali na kidonda, wala hautiwi mwilini.

Tena si kila mgonjwa anahitaji mfano. Mvunjiko wa kawaida wa shingo ya paja hueleweka kwa radio. Skana ina miali mingi kuliko radio moja, nayo ina gharama. Mganga asipoagiza skana, usidhani amekudharau.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Je, si sanamu? Hapana. Sanamu iliyokatazwa ni ile inayoabudiwa. Mfano huu ni kipimo, kama karatasi ya mshonaji. Hakuna anayeuinamia.

Je, mtu mbaya akiuiba mfano wa mfupa wangu ataweza kunidhuru? Hawezi. Ni plastiki, haina damu yako wala nguvu juu yako. Lakini ni haki yako kuuliza mfano utawekwa wapi baada ya kazi, na kukataa usionyeshwe watu pamoja na jina lako.

Je, skana inauma? Haiumi. Unalala kimya, na kitanda kinaingia katika duara la mashini. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme mbele ya kupigwa picha.

Je, nikiwa na mfano nitapona hakika? Hakuna mganga anayeweza kuahidi hivyo. Mfano hupunguza kubahatisha. Kuingia kwa vijidudu, kuganda kwa damu, na kufa kwa mfupa bado vyaweza kutokea.

MAMBO YA KUFANYA WEWE

1. Mtu akianguka au kugongwa, na mguu ukawa mfupi, umepinda ndani au nje, usiuvute wala usiukande. Funga mguu mbaya pamoja na mguu mzima, weka nguo laini katikati, mlaze juu ya ubao, mpeleke hospitali siku ile ile.

2. Mtoto mwenye homa anayekataa kutembea, au analia nyonga ikiguswa, apelekwe leo. Usaha waweza kuharibu kiungo kwa siku chache.

3. Ukipigwa skana, usikubali karatasi ya majibu peke yake. Omba picha zote katika CD au flashi, uzitunze pahali pakavu pamoja na radio zako. Bila picha hizo mfano hauchapiki, nawe utalipa skana mara ya pili.

4. Mwambie mganga magonjwa yako: SS, sukari, kifua kikuu, dawa unazokunywa.

5. Mbele ya kutia mkono katika karatasi, uliza: Mtapasua upande gani? Kwa sababu gani? Nisipopasuliwa itakuwaje? Kama mfano upo, omba uonyeshwe.

6. Ukiwekewa nyonga ya bandia, usichuchumae wala kukaa kiti cha chini, wala usipandanishe miguu, mpaka mganga akuruhusu. Jamaa watengeneze kiti kirefu chenye tundu juu ya choo cha shimo mbele ya mgonjwa kurudi nyumbani.

7. Akina mama, endeleeni kubeba watoto mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imepanuka. Desturi hii ya wazee wetu husaidia kichwa cha mfupa kukaa vema ndani ya kikombe.

MASWALI YA KUULIZANA DARASANI

1. Kwa nini radio haionyeshi vipande vyote vya nyonga iliyovunjika?
2. Eleza kwa maneno yako hatua nne za kuchapa mfano.
3. Taja mambo matatu ambayo mfano hauwezi kuonyesha au kufanya.
4. Nyonga iliyotoka irudishwe ndani ya saa ngapi, na kwa sababu gani?
5. Katika kijiji chako, mtu akivunjika nyonga usiku, nani ana ubao, nani ana chombo cha kumsafirisha, nani atatoa damu? Andikeni majina yao leo, mbele ya ajali kuja.